Vidonge vya Duka na Bia ya Shangazi Vestine

Solange mwanangu,

Umetoka kwenda Gisimenti kuagana na wenzako, na baba yako ameketi barazani anajifanya anasikiliza redio. Nimesogeza cherehani, nimepata nafasi mezani, na ninataka nimalize kabla hujarudi ukaanza kunichungulia begani. Nakuandikia Kiswahili. Kinyarwanda changu cha kuandika unakijua. Ulipokuwa sekondari nilikuandikia barua, ukanirudishia imesahihishwa kwa kalamu nyekundu kama daftari la darasa la tatu. Watu wa huku wakitusikia sisi tuliokulia Tanzania hucheka. Mtoto wangu mwenyewe akinicheka inaniuma zaidi.

Sweta umeshaliweka begini, nimeona. Mambo ya kula, kufua na kufunga mlango siyaandiki. Kama hukuyaokota katika nyumba hii, karatasi haitakusaidia.

Naandika kwa sababu ya Jumapili. Baba yako alisema ukifika Musanze ukae kwa dada yake, shangazi yako Vestine, mpaka upate chumba karibu na hospitali utakayofanyia kazi. Mimi nikasema hapana. Ukauliza kwa nini. Nikasema, "Nimeshasema hapana." Ukaweka sahani chini ukaniambia, "Mama, wewe unamshuku kila mtu. Hata malaika akikuletea kitambaa utakipima kwanza." Baba yako akacheka mpaka akapaliwa.

Mimi sikucheka. Nilijua miaka yote hii umepewa nusu ya habari: kwamba mimi na wifi yangu tulikosana kwa maneno ya wanawake. Hayakuwa maneno ya wanawake. Nilimwambia amemtilia kaka yake sumu. Sasa isome hii mpaka mwisho, halafu uamue mwenyewe kesho utalala wapi.

Kwanza nikuambie, sitaomba radhi kwa kushuku. Nilianza na cherehani moja chini ya paa la mtu hapa Nyamirambo, na jora likiandikwa mita thelathini nilikuwa nalipima mita kwa mita, mwenye duka amenuna. Mara nyingi nilikuta ishirini na nane. Wenzangu waliokuwa wanaona haya kupima walishona sare pungufu, wakafunga biashara. Kushuku kumekulisha na kukusomesha uuguzi. Tatizo langu, mwanangu, halikuwa kushuku. Nilipima kitambaa kisichokuwa na kosa, nikaacha kupima kile kilichokuwa mikononi mwangu.

Unakumbuka kifua kilivyomkaba baba yako ukiwa bado unakaa nyumbani. Daktari akampa kile kidonge kidogo cha aspirini, miligramu sabini na tano, kimoja kwa siku baada ya kula, ili damu isigande kwenye mishipa ya moyo. Hicho nilikisimamia mimi. Uji kwanza, kidonge baadaye, na nilikuwa namtazama koo mpaka kishuke. Hukuwahi kuona mke mkali hivyo.

Ulipokuwa bwenini, mwaka wa mtihani, baba yako aliinua kabati la mtu peke yake kule karakana yao ya useremala, Kimisagara, kwa sababu mwenzake alichelewa na yeye hawezi kungoja. Mgongo ukateguka. Duka linalotazamana na karakana huuza vidonge vya maumivu. Hawakupi pakiti nzima. Wanakata kwa mkasi vinne vinne, na jina la dawa linabaki dukani. Akawa anameza viwili asubuhi kabla ya kutoka, viwili mchana, viwili usiku. Vya asubuhi alivimeza alfajiri, tumbo tupu, kisha anakuja kunywa uji wangu na kidonge changu kidogo kama mtu mtiifu. Na mimi nilijua anavimeza. Mara nyingine nilimnunulia mimi mwenyewe nikipita. Havikuniingia kichwani kama dawa. Dawa ni ile inayoandikwa na daktari. Hivi vilikuwa vidonge tu.

Baada ya muda akaanza kusema masikio yanavuma. Nikamwambia ni zile mashine za mbao, avae pamba. Akawa anachoka akipanda ngazi. Nikamwambia ni umri. Kila kitu nilikuwa na jibu lake.

Ndipo Vestine akaja kututembelea, na dumu la ikigage, ile bia ya mtama ya kwao kaskazini, kwa sababu kaka yake anaipenda kuliko chakula. Unajua desturi ya huku: aliyeleta kinywaji huonja kwanza mbele ya wote, ndipo wengine wanywe. Hata chupa ya soda hufunguliwa mbele ya mgeni. Sasa, Vestine alikuwa ameokoka mwaka ule. Akamimina, akampa kaka yake, akakunja mikono mapajani.

"Onja basi, dada," baba yako akasema.

"Weye unajua mimi sigusi tena. Niliokoka."

"Yesu alitengeneza divai."

"Divai ndiyo. Ikigage hakutengeneza."

Wakacheka wote wawili, kaka na dada, kama watoto. Mimi nilikuwa jikoni na macho yangu mlangoni. Nikahesabu: ameleta, amemimina, hakuonja. Nikaongeza lile shamba la wazazi wao ambalo walikuwa hawajaligawana. Nikapata jumla yangu, nikaiweka.

Siku mbili baadaye baba yako aliniita pembeni, anaona aibu, akaniambia choo chake ni cheusi kama lami, kinanata. Muuguzi wewe, umeshaelewa ni nini. Mimi pia nilidhani nimeelewa. Sikumpeleka hospitali. Nilimpeleka Kimisagara bondeni, kwa yule mzee anayetapisha watu sumu.

Najua ulivyokunja uso hapo. Kunja. Nusu ya mtaa wetu ingefanya vivyo hivyo, na wengine wao wamesoma kuliko wewe.

Mzee akampa kikombe cha majani. "Hii iko sumu ya kunywa, mama," akaniambia. "Ilikuwa ndani siku mbili. Leo itatoka yote." Baba yako akatapika kitu kama machicha ya kahawa, kisha kikaja chekundu. "Umeona?" mzee akasema. "Ndiyo hiyo." Na mimi, Solange, kwa muda mfupi nilifurahi. Mume wangu ameinama anatapika damu na mimi nimefurahi, kwa sababu hesabu yangu imetoka sawa. Nisingemwambia mtu mwingine jambo hili.

Alizimia tukipanda kutoka bondeni. Jirani mwenye gari akatupeleka kituo cha kwanza tulichokiona. Jina la kituo siliandiki. Dada mmoja mwenye koti jeupe akaniuliza, macho kwenye simu yake:

"Anatumia dawa?"

"Ya moyo."

"Nyingine?"

"Hakuna."

"Anaumwa wapi?"

"Tumbo. Na mgongo."

Akaandika "hakuna", akamdunga sindano ya maumivu. Baadaye niliambiwa sindano ile ni ndugu wa vile vidonge, nayo huchokoza tumbo na kuzidisha kuvuja damu. Yule dada sijamsamehe. Nimejaribu nikashindwa. Kweli nilimwambia hakuna, lakini mimi ni fundi cherehani. Kujua kwamba "hakuna" ya mtu kama mimi haifai kuandikwa hivi hivi, hiyo ilikuwa kazi yake.

Tukahamishiwa hospitali kubwa. Wakati wanatafuta damu ya kumwongezea, nilisimama kwenye korido nikampigia Vestine.

"Ulimwekea nini?"

"Nani?"

"Kaka yako anatapika damu. Kwenye ikigage uliweka nini?"

Akasema polepole, "Mama Solange. Umeniita mimi mroga?"

"Nimekuuliza swali."

"Mbele za watu unaniuliza? Nasikia watu hapo."

"Wapo wengi. Wote wanakusikiliza."

Kiswahili cha shangazi yako ni cha kuokoteza, lakini kwenye ugomvi hukipata chote. Aliniambia mambo ambayo sitayaandika, akamalizia na "Mtanzania wewe," akakata. Korido nzima ilikuwa imesikia. Wewe umekulia hapa, unajua neno mroga, mtia watu sumu, likishatamkwa halirudi. Lilimfikia mpaka Musanze, kwa wenzake wa kanisani. Nilisikia kwamba watu walikuwa wanaenda kumsalimia, anawapa chai, wanaiacha ipoe kikombeni. Mwanamke aliyekuwa hapiki chini ya sufuria mbili. Hakuna aliyemwambia kitu. Waliacha tu kunywa.

Haukupita muda akaja muuguzi wa wodi ile, mwanamke mfupi mwenye sauti kavu. Nataka umjue huyu, maana kesho ndiyo kazi yako. Akaniuliza yale yale. Nikamjibu yale yale, hata na hasira, kwamba nimeshaulizwa. Ila huyu hakuandika. Alishika kalamu akanitazama kama mimi ninavyotazama jora.

"Mgongo ukimuuma anafanya nini?"

"Anameza vya duka."

"Umesema hakuna nyingine."

"Hivyo si dawa, dada. Ni vidonge vya duka."

"Duka linauza pipi, siyo? Vinaitwaje?"

"Sijui. Vinakatwa."

"Nenda kavilete. Na kila kitu mnachomeza kwenu, hata kile unachoona si kitu."

"Mume wangu amepewa sumu, wewe unanituma dukani?"

"Inawezekana amepewa. Nataka kujua ni ipi."

Nilipanda pikipiki mpaka Kimisagara nimejaa matusi. Kwenye koti la kazi la baba yako, karakanani, nikakuta vidonge viwili visivyo na jina. Nikavuka barabara, nikamwambia mwenye duka anipe boksi lenyewe. Akagoma. Nikamwambia ama boksi, ama nakaa hapa mlangoni nalia mpaka jioni. Akanipa. Nikalisoma palepale, nimesimama. Aspirini. Miligramu mia tano.

Niliporudi hospitali, yule muuguzi alilisoma tena, hakuniamini mimi. Akaniuliza vingapi. Nikasema viwili, mara tatu. Kabla hajajumlisha nilikuwa nimeshajumlisha: elfu tatu kwa siku. Kile kidogo changu ni sabini na tano. Mara arobaini, Solange. Nilisimama kila asubuhi na kijiko cha uji nikilinda sehemu moja, na sehemu arobaini zikapita ubavuni pangu, juu ya tumbo tupu, na siku ile ya wageni juu yake bia.

"Na masikio?" akaniuliza. "Aspirini ikizidi huvuma. Yake hayavumi?"

Muuguzi yule hakuwahi kumwona baba yako akiwa na nguvu hata dakika moja, na aliyajua masikio yake. Mimi nililala naye kitanda kimoja, nikamwambia avae pamba.

Nilitaka kuvitupa vyote, na kile kidogo pia. Akanishika mkono. Akasema wamekisimamisha kwa sasa, lakini kukirudisha au kutokirudisha ni uamuzi wa daktari. Watu huvuja damu wakizidisha, na watu huangushwa na moyo wakiacha ghafla kwa sababu mama mmoja amekasirika. Akanieleza pia kwamba dawa hii ukishaimeza, damu inakaa wiki nzima na zaidi bila kuganda vizuri kama awali, kwa hiyo nisidhani ameacha leo basi kesho yuko salama. Baada ya majuma, daktari alikirudisha kile kidogo, pamoja na dawa ya kulinda tumbo. Ndivyo anavyoishi mpaka leo, na ndiyo sababu mimi hupekua mifuko ya koti lake kila Jumamosi. Yeye anadhani namshuku mambo ya wanawake. Mwache adhani.

Sasa wewe. Chuoni wamekufundisha dawa hii kuliko nitakavyoijua mimi. Uliwahi kunikatalia kumpa aspirini mtoto wa jirani aliyekuwa na homa, ukasema watoto hawapewi, na ukamuuliza mama yake kama ana mimba, asije akaimeza yeye, mpaka akaona haya. Siku ile nilikuangalia nikajisikia vizuri. Kwa hiyo sikufundishi dawa. Nakufundisha watu, maana watu ndio ninaowajua.

Mtu akikwambia hakuna, usimwamini. Si kwamba ni mwongo. Anajibu swali alilolisikia yeye, siyo lile ulilouliza wewe. Muulize kichwa kikimuuma hufanya nini. Muulize alipong'olewa jino damu ilikata lini. Usimuulize kama ana vidonda vya tumbo, atasema hana. Muulize pilipili ikimfika tumboni inamfanya nini. Muulize choo chake kina rangi gani, na akicheka ngoja amalize kucheka, umuulize tena. Mwenye pumu mchunguze kabla ya kumpa, isije ikamkaba. Mzee akikwambia amekula, tazama sahani. Mwenzako wa zamu akikwambia "nimeshampa," taka kuona alipoandika. Namba kwenye pakiti isome wewe, usisomewe, kwa sababu kati ya kile kidogo na kile kikubwa rangi ni ile ile, nyeupe, na wote wanaviita jina moja. Watakusema una roho mbaya. Mimi wamenisema miaka yote na nimeshiba.

Ila ujue mahali pa kuacha kushuku. Yule muuguzi alishuku boksi, akashuku jibu langu, akashuku hata hesabu yangu. Sikumsikia akimshuku mtu. Hakuniuliza nani anamchukia mume wangu. Mimi, hilo ndilo swali la kwanza nililojiuliza, na nikalipatia jibu kabla sijatazama mfuko wa koti.

Baba yako anauliza kutoka barazani kama naandika kitabu. Nimemwambia akae na redio yake.

Utauliza kwa nini sikumpigia Vestine nilipojua. Nilikusudia. Kisha nikasikia anawaambia watu kwamba mimi ndiye niliyetaka kumuua kaka yake kwa vidonge, na Mungu akamwinua. Nikaona basi, tumelipana. Kila mmoja ana neno lake. Lakini si sawa, Solange, na mimi si mtu wa kudanganyika kwenye mizani. Lake lilikuwa na chembe ya kweli. Langu halikuwa nayo. Na mimi watu bado wanakunywa chai yangu.

Leo mchana, ulipokwenda kuchukua tiketi ya basi, nilimpigia. Alipokea, hakusema halo.

"Ni mimi, Mama Solange."

"Naona jina."

"Mtoto anakuja Musanze kesho. Amepata kazi ya uuguzi."

"Najua. Baba yake aliniambia zamani." Unaona? Wanazungumza. Nilikuwa nashuku. "Anakuja kwangu? Nyumbani kwa mroga?"

Nikamwambia, "Hukumroga mtu. Nilijua siku ile ile, kabla jua halijazama."

Nilisikia kuku kwake. Nikangoja, na wewe unajua mimi kungoja siwezi.

"Siku ile ile," akasema.

"Siku ile ile."

"Na umengoja mpaka mtoto wako atafute mahali pa kulala."

Angenitukana ningejua pa kushika. Nikauliza habari za afya, kama mjinga. Akasema magoti yanamuuma, hapigi tena magoti kanisani, anasali ameketi. Nikamuuliza anameza nini. Sikuweza kujizuia.

"Wewe siwezi kukuambia ninachomeza," akasema. "Nitamwambia mtoto."

Akakata. Sauti yake haikuwa nzuri wala mbaya. Nimeigeuza tangu hapo, sijapata ilikuwa na nini ndani, na kwa mara ya kwanza nadhani si kazi yangu kupata.

Kwa hiyo ile hapana ya Jumapili nimeiondoa. Nenda kwake, kama utataka mwenyewe. Kula anachopika. Usionje kwanza, usingoje aonje. Kaa ule kama mtoto aliyekuja kwao. Magoti yake yatazame kwa macho ya kazi, na uulize mpaka uchoke. Siku moja ataanza kukueleza korido ile, atakueleza kwa upande wake, na huenda akaongeza chumvi. Msikilize mpaka amalize.

Usinitetee.

Mama yako